Njia Kuu na Njia ya Tawi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama Kajiado, na mara ya pili Kitengela. Imepigwa chapa kwa ombi la kamati.)



Mimi si mwalimu wala si mtu wa televisheni. Mimi ni mfanyi kazi wa reli kama ninyi, na shule yangu ilikuwa ile ya msingi ya misioni, basi. Kwa hivyo nitasema kwa maneno ya kawaida, na pale nitakapokosea mnisahihishe bila haya.

Jambo lililonisimamisha hapa ni televisheni ya ukumbi wetu. Mnajua nyote yaliyotokea. Jioni moja, saa moja na nusu, wenzetu wawili waligombania rimoti mpaka wakashikana mashati. Mmoja alitaka mchezo wa mfululizo, ule ambao nusu ya ukumbi walikuwa wanaungojea. Mwenzake alitaka mpira. Tangu siku ile maneno yamekuwa mengi. Kuna wanaosema tununue king'amuzi cha kulipia, kwa pesa za michango yetu, ili kila mtu apate chake. Kuna wanaosema televisheni iuzwe kabisa tukae kwa amani. Na katikati ya kelele hizo, dada zetu wanaofagia na kusafisha wameacha kuja ukumbini. Wazee wawili watatu nao wameacha kuja. Katibu amehesabu akaona kwamba mtu asiyekuja jioni kutazama televisheni, haji hata Jumamosi kwenye mkutano. Hapo ndipo jambo la mchezo lilipogeuka kuwa jambo la chama.

Kamati imeniomba nieleze habari hii kabla hatujapiga kura. Nami nimeona kwamba tusipojua kwanza michezo hii inatengenezwa kwa ajili ya nani, na ni nani anayeilipia, tutapiga kura gizani.

MCHEZO WA WATU WOTE

Nianze na zamani kidogo. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Mwaka 1964 Serikali ililichukua shirika la utangazaji, likaitwa Voice of Kenya. Toka hapo mpaka KTN ilipoanza mwaka 1990, nchi nzima ilikuwa na stesheni moja tu ya televisheni. Mwenye seti alikuwa kama mwenye kisima. Majirani wote walikuja kwake jioni, na viatu vikajaa mlangoni.

Katika seti hizo watu walitazama Vioja Mahakamani, na baadaye Vitimbi. Wengi wenu mlimpenda Mzee Ojwang. Jina lake la kweli lilikuwa Benson Wanjau, naye alifariki mwaka 2015. Alikuwa Mkikuyu kwa kuzaliwa, lakini katika mchezo alisema Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, na Mjaluo na Mkikuyu wakacheka pamoja, na Mmaasai na Mkamba pia. Mkewe wa mchezoni, Mama Kayai, alimshinda akili kila wiki, na kila mume ukumbini alijikuna kichwa akijifanya kwamba hayamhusu.

Wengine husema michezo ile ilipendwa kwa sababu hapakuwa na kingine cha kutazama. Neno hili ni kweli nusu. Mtu ambaye hapendi mchezo aliweza kuzima seti akalala. Hawakulala. Walikaa kwa sababu jambo lililochezwa lilikuwa la nyumbani mwao: pesa haitoshi, mgeni amekuja wakati unga umekwisha, baba anataka heshima ambayo mfuko wake hauwezi kuilipia.

Tazameni sasa michezo ya karibuni iliyovuta watu wengi. Papa Shirandula wa Citizen alikuwa mlinzi wa lango. Asubuhi alitoka nyumbani na suti, kwa maana mkewe Wilbroda hakujua kazi yake, na akifika kazini akavaa yunifomu. Aliyecheza, Charles Bukeko, alifariki Julai 2020, na nchi nzima ikamlilia. Kwa nini? Kwa sababu nusu ya nchi hii imevaa suti ile. Ni wangapi kati yetu tuliowaambia wakwe kwamba tuna kazi ya ofisi, na huku tunabeba taruma za reli kwa bega?

Tazameni tena Maria, ulioanza mwaka 2019 ukaisha mwaka 2021. Ni msichana wa mtaa wa mabanda aliyeingia katika nyumba ya tajiri. Na Sultana, ulioanza mwaka 2022, ni wa msichana wa Pwani asiyeona. Kampuni iliyoitengeneza yote miwili ni Jiffy Pictures ya Lulu Hassan na mumewe Rashid Abdalla, ambao mnawajua kwa kusoma habari. Mimi nimekaa Kitengela katika nyumba za kupanga, milango kumi na miwili katika ploti moja. Kuna Mluhya anayefanya kazi katika kiwanda cha saruji, Mkamba wa mahali pa kushona nguo kule Athi River, mama Mkisii anayeuza mboga, mwalimu kutoka Pwani. Lugha za nyumbani ni saba au nane. Lakini ikifika saa moja na nusu, muziki ule ule husikika kutoka milango yote, na ukipita ukumbini mwa ploti hukosi neno hata moja la mchezo, kwa maana mlango huu unakukabidhi kwa mlango wa pili.

Nimejaribu kutafuta sababu zake, nikapata nne. Ya kwanza, habari yenyewe ni ya nyumba, mapenzi, mali na aibu, na hakuna kabila lisilo na mambo hayo. Ya pili, Kiswahili chake ni cha kusikika na wote, hata kwa yule ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni. Ya tatu, saa yake ni saa ya mfanyi kazi: amerudi, ameoga, chakula kipo jikoni, habari bado hazijasomwa. Ya nne, mchezo umefungwa kama mzigo mzuri. Ukikosa siku mbili kwa sababu ya zamu, jirani anakueleza kwa maneno matano na unaendelea. Na kila jioni unaachwa na fundo moja ambalo halijafunguliwa, ili kesho urudi.

Huo ndio mchezo wa watu wengi. Wasomi wengine huucheka. Mimi siucheki. Kuwafanya watu wa lugha nane wakae kimya pamoja nusu saa si kazi ndogo. Mwenyekiti wetu anajua, maana hata yeye hajaweza.

NI NANI ANAYELIPA?

Sasa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo pesa ilipo, na mahali penye pesa mwanachama hapaswi kusinzia.

Stesheni ya bure si ya bure. Sisi hatulipi kwa shilingi, lakini yupo anayelipa. Anayelipa ni mwenye sabuni, mwenye mafuta ya kupikia, kampuni ya simu, benki. Wao hununua dakika za matangazo katikati ya mchezo. Hawanunui mchezo, ndugu zangu. Wananunua macho yetu. Stesheni inakwenda kwa mwenye sabuni na kumwambia: ninao watu wengi sana wanaokaa hapa saa moja na nusu, nipe pesa nikuache useme nao. Katika biashara hii sisi si mnunuzi. Sisi ndio bidhaa, kama magunia kwenye behewa.

Sisemi hivyo ili kuwatia hasira. Nasema ili mwelewe kwa nini stesheni hizo zinaogopa mchezo wa watu wachache. Mchezo mzuri sana unaotazamwa na watu wachache haulipi umeme. Kwa hivyo mwenye stesheni hurudi kila mara kwenye nyumba ya tajiri, msichana maskini, na mama mkwe mwenye ulimi mkali. Anajua njia hiyo haina mteremko wa kumwangusha.

Stesheni ya kulipia ni habari nyingine. Yenyewe inauza king'amuzi na ada ya kila mwezi. Haihitaji nyumba zote za ploti zitazame mchezo mmoja. Inataka kila nyumba iwe na kitu kimoja ambacho haiwezi kukiacha, ili ada ilipwe mwezi ujao. Kwako ni mpira, kwa mkeo ni mchezo wa mapenzi, kwa kijana ni mchezo wa polisi. Ndiyo maana huko waliweza kutengeneza mchezo kama Njoro wa Uba, wa dereva wa teksi ya kuitwa kwa simu katika mji wa Nairobi. Mtu mmoja katika gari, na kila abiria anaingia na kisa chake. Hakuna nyumba ya tajiri. Ni kazi ya mtu tu, na uchovu wake, na hesabu ya mafuta.

Na sasa imekuja njia ya tatu, ya kutazama kwa simu na intaneti. Julai 2022 Netflix ilionyesha Country Queen, nao ulikuwa mchezo wa mfululizo wa kwanza wa Kenya kutangazwa na Netflix kuwa wake. Ni habari ya mwanamke aliyetoka kijijini akafanya maisha Nairobi, kisha akarudi kwao na kukuta kampuni ya madini inaitaka ardhi ya watu wake. Nitarudi kwenye mchezo huo baadaye kidogo.

Mambo haya ya kugawanyika yalizidi mwaka 2015, wakati Kenya ilipozima mitambo ya zamani ya analogi. Mnakumbuka Februari ya mwaka ule, stesheni kubwa zilipokuwa hewani leo na kesho hazipo, kwa sababu ya ugomvi wao na Serikali, na watu wakakaa wiki mbili na zaidi bila michezo yao. Mitambo mipya ilipokaa sawa, tulipata stesheni nyingi badala ya chache. Oktoba mwaka huo huo ikaanza Inooro TV kwa Kikikuyu. Basi watazamaji waliokuwa umati mmoja wakawa vikundi vikundi. Na vikundi hivyo vimeingia ukumbini mwetu, vikakuta rimoti moja.

NJIA YA MAGADI

Ninyi ni watu wa reli, kwa hivyo niseme kwa lugha ya reli.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Hiyo ndiyo njia kuu. Ilibeba kila kitu: abiria, askari, kahawa, ng'ombe, barua, harusi na maiti. Lakini hapa Kajiado hatupo kwenye njia kuu. Sisi tupo kwenye njia ya tawi, inayoacha njia kuu pale Konza, ikapita hapa, ikateremka mpaka Magadi, ambako ilifika mwaka 1915. Njia ile haikujengwa kwa ajili ya watu wote. Ilijengwa kwa mzigo mmoja, magadi ya ziwa. Je, nani atasema kwamba njia ile ni bure kwa sababu haibebi kila kitu? Ilijengwa kwa kuwa ulikuwapo mtu mmoja mwenye mzigo mmoja aliyekuwa tayari kuilipia.

Mchezo wa watu wachache ni njia ya tawi. Haujengwi kwa matumaini ya umati. Unajengwa kwa sababu wako watu wanaouhitaji sana, na yuko wa kulipa. Kosa ni kuupima kwa kipimo cha njia kuu. Na kosa la pili, lililo kubwa zaidi, ni kudhani kwamba njia hizi mbili hazikutani. Konza ipo. Gari linalotoka Magadi linaingia njia kuu na kwenda mpaka baharini.

Niwape mifano miwili ya nchi za nje, yote ya wafanyi kazi.

Mwisho wa mwaka 1982, huko Uingereza, zaidi ya watu milioni 3 walikuwa hawana kazi. Mtu mmoja wa upande wa Liverpool, Alan Bleasdale, aliandika mchezo wa wanaume waliokuwa wakitia lami barabarani, kisha wakaachishwa kazi. Jina lake Boys from the Blackstuff. Ulikuwa na sehemu 5 tu. Ulionyeshwa kwanza BBC2, stesheni ya watazamaji wachache. Ulisema lugha ya mji mmoja na kazi moja. Lakini watu walijiona ndani yake kwa wingi hata Januari 1983 ukarudiwa BBC1, stesheni ya watu wengi. Hivyo mchezo wa tawi uliingia njia kuu kwa muda wa wiki chache. Kilichoupeleka huko si kupunguzwa makali yake. Ulikwenda mbali kwa sababu ulikuwa wa kweli kwa watu wachache.

Mfano wa pili ni The Wire wa Marekani, ulioonyeshwa tangu 2002 mpaka 2008 katika HBO, stesheni ya kulipia. Mwaka 2003 sehemu zake zote zilikuwa juu ya makuli wa bandari ya Baltimore na chama chao cha wafanyi kazi. Mweka hazina wa chama, Frank Sobotka, anaona kazi inakwisha bandarini, anakubali pesa za wahalifu ili apate za kuwashawishi wanasiasa warudishe kazi, na mwisho unakuwa mbaya. Mweka hazina wetu yupo hapa, simsemi yeye. Watazamaji wa mchezo ule hawakuwa wengi siku zile. Leo watu wa nchi nyingi wanauhesabu katika michezo bora iliyopata kutengenezwa. Ungekuwa katika stesheni ya sabuni, ungefungwa mwaka wa kwanza.

Na msidhani kwamba haya ni ya kupoteza wakati tu. Jirani zetu wa Tanzania walikuwa na mchezo wa redio, Twende na Wakati, ulioanza mwaka 1993 katika Radio Tanzania. Ndani yake alikuwapo Mkwaju, dereva wa lori, mwenye wanawake katika kila kituo. Kwa miaka miwili ya kwanza Dodoma haikuurusha mchezo ule, ili wataalamu waweze kulinganisha. Wakaona kwamba mahali uliposikika watu waliingia katika uzazi wa mpango kuliko mahali usiposikika. Mchezo ulibadilisha mambo ya chumbani. Basi anayechagua mchezo gani utazamwe anashika kitu kizito kuliko rimoti.

NENO LA MZEE

Sasa nirudi Kajiado. Katika ukumbi wetu yuko mzee, Mmaasai, aliyekuwa akikaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango. Hakuwahi kushika rimoti hata siku moja. Jioni moja tulipokuwa tunatazama mchezo wa nyumba ya tajiri, aliniuliza: "Kijana wangu, watu hawa wa ndani ya kioo, lini watasema Kimaasai?" Nilicheka. Baadaye nilipokwenda zamu nikaona kwamba kicheko changu kilikuwa cha mjinga.

Nikafanya hesabu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Wakikuyu walikuwa zaidi ya milioni 8, na Wamaasai karibu milioni 1 na laki 2. Mwenye sabuni akipewa macho milioni 8 na macho milioni moja, mnajua atachagua yapi. Hakuna aliyemchukia mzee wetu. Hesabu tu ndiyo iliyompita. Lakini mtu anayepitwa na hesabu kila siku huona kwamba amechukiwa, na mwisho haketi nasi tena.

Baada ya hapo kijana mmoja wa fundi mitambo alikuwa na Country Queen katika simu yake. Tulikaa naye mzee, watu wanne na simu moja, tukatazama. Katika mchezo huo hakuna Kimaasai. Lakini ilipofika mahali ambapo watu wa kampuni wanakuja kusema habari ya ardhi, mzee aliinama mbele. Hakuinuka tena mpaka mwisho. Akasema, "Hii ni ya kwetu. Wamebadilisha jina la mahali tu." Akatueleza mambo aliyoambiwa na baba yake, ya mapatano ya 1904 na ya 1911, jinsi Wamaasai walivyohamishwa kutoka malisho mazuri. Akaeleza Kitengela ilivyokuwa mbuga, wanyama wakitoka Nairobi National Park na kushuka kusini bila uzio, mpaka ardhi ilipokatwa ploti ikauzwa. Katika ploti hizo hizo ndimo ninamokaa mimi kwa kupanga! Ndugu zangu, nilikuwa nimekaa Kitengela miaka sita bila kujua nimekanyaga nini. Niliambiwa na mzee wa benchi la nyuma, kwa sababu ya mchezo ambao ukumbi wetu haukuwahi kuutazama.

Na mzee huyo huyo, msidhani ni mtu wa aina nyingine. Sultana alikuwa akiutazama kama sisi sote, na alimwonea huruma msichana yule. Saa moja na nusu alikuwa miongoni mwa watu wengi. Ilipofika habari ya ardhi alikuwa miongoni mwa wachache. Ndivyo tulivyo sote. Dereva wa gari la moshi ni mwanachama kama mfagiaji, na katika mshahara wanasema neno moja. Lakini mfagiaji ana habari ya glavu na dawa ya kusafishia, na mtu wa genge ana habari ya koti la mvua, na karani ana habari ya macho. Chama kinachosema mshahara tu, kisiseme glavu, kitawapoteza wafagiaji. Chama kinachosema glavu tu kitakosa nguvu ya kudai mshahara. Ukumbi wetu ni vivyo hivyo.

SHAURI LANGU

Bwana Mwenyekiti, nafunga kwa mashauri matano, wanachama wayapime.

La kwanza, tusichukue pesa za michango kununua king'amuzi cha kulipia. Pesa zile ni za kesi, za misiba na za siku ya shida. Tena king'amuzi hakitamaliza ugomvi. Kitatuletea stesheni mia moja, na kioo kitabaki kimoja. Wanaotaka wachange wenyewe kwa hiari, na kamati iwaruhusu kukifunga hapa.

La pili, tuwe na ratiba, kama magari yanavyokuwa na ratiba. Jumatatu mpaka Alhamisi, toka saa moja jioni mpaka habari ziishe, iwe njia kuu: mchezo unaopendwa na wengi, kisha habari. Jumamosi na Jumapili mpira upate haki yake. Lakini Ijumaa jioni iwe ya njia ya tawi. Kila Ijumaa kundi moja lichague: wafagiaji, watu wa genge, wazee, vijana, wa zamu ya usiku. Wengine watakaokuja watazame kwa heshima, au wasije.

La tatu, habari ya rimoti. Kwenye njia moja dereva haingii mbele bila kibali mkononi, na kibali ni kimoja, kwa hivyo magari hayagongani. Rimoti iwe kibali. Aandikwe mtu wa zamu wa kuishika, na zamu izunguke. Na naomba wa kwanza kuandikwa awe mmoja wa dada zetu walioacha kuja.

La nne, kila Ijumaa mchezo ukiisha, tukae robo saa tuzungumze. Mwenye neno aseme. Nimejifunza katika robo saa moja ya mzee kuliko katika mwaka mzima wa kutazama kimya.

La tano, tuandike barua. Stesheni zinatakiwa na sheria kuonyesha michezo na vipindi vya nchi yetu, wala si vya nje peke yake. Basi na tuseme tunataka nini katika hivyo vya kwetu. Tumwambie mwenye stesheni kwamba tunataka kuona mtu wa reli, mtu wa saruji, mchungaji anayeuza ardhi yake na mpangaji anayejenga juu yake, nao wasiwe wa kuchekwa tu. Na tumwulize neno la mzee: lini watasema Kimaasai? Tukisema sisi ni macho yake anayoyauza, basi macho hayo yana haki ya kufungua mdomo.

Jana nilikwenda nyumbani kwa mzee nikamweleza shauri la Ijumaa. Alikaa kimya kwa muda, halafu akauliza kama atapewa benchi la mbele, maana macho yake hayaoni mbali siku hizi. Nilimjibu kwamba jambo hilo si langu kukata, ni la kura yenu. Kwa hivyo nawaomba, mtakapoinua mikono leo, mjue mnapiga kura pia juu ya benchi lile.